Bahari ya Mfereji wa Kikwe

Jumatatu ilikuwa zamu ya Ephraimu kupata maji. Alishuka mgombani na jembe begani, akabomoa tuta la mfereji, na maji yakaingia kwenye kahawa yakiwa ya chumvi. Akaonja, akaonja tena, akaendelea kumwagilia. Jioni ilipoingia, kila alipoyagusa kwa jembe yaliwaka rangi ya samawati.

Kahawa haikudhurika. Mkewe, Penina, aliyapikia ndizi na hakuhitaji kutia chumvi.

Mzungu wa shamba la juu, ambaye siku nyingi alikuwa akiutolea macho mfereji ule, ndiye aliyepeleka habari bomani. Serikali ya Kiingereza ikamleta mtaalamu wa samaki kutoka pwani. Aliweka tone la maji kwenye hadubini, Ephraimu akachungulia, na karani wa boma, Dismasi, akawa anatafsiri.

"Hawa wote ni planktoni, mzee. Hao wenye ganda la kioo ni mimea, wanaishi kwa jua. Wenye vimiguu ni wanyama, wanaila hiyo mimea. Yule mwenye mwiba kichwani ni mtoto wa kaa. Akikua atashuka chini atembee. Wengine watabaki hivyo hivyo mpaka kufa."

"Na huu moto?"

"Wapo wanaowaka wakisumbuliwa. Ila hakuna mwenye nguvu ya kushindana na mkondo. Wanapelekwa tu."

Ephraimu akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na ndugu kadhaa wa namna hiyo.

Baraza likakaa kuamua mfereji ni wa nani. Kwa desturi ya Wameru mfereji ni wa ukoo uliouchimba, na huu aliuchimba babu yake Ephraimu. Hata Mzungu hakubisha. Bwana Shauri, Mwingereza aliyeamua kesi bomani, akampa Ephraimu Biblia aishike, aape. Ephraimu alikuwa mzee wa kanisa.

"Planktoni hawa hukaa baharini. Je, babu yako alichimba bahari?"

Ephraimu aliitazama Biblia mkononi mwake.

"Hapana, bwana. Bahari aliifanya Mungu."

"Basi si yenu."

Likawekwa lango la chuma kwenye banio, pale mfereji unapochepuka mtoni, maji yote yakageuziwa shamba la juu. Huko yalitoka matamu, hayana chumvi hata chembe. Ephraimu alirudi bomani kueleza hayo. Dismasi akamwambia kwa upole kwamba hukumu imeshapigwa muhuri. Ilimuuma mpaka alipofika Maji ya Chai, njiani kurudi nyumbani, kisha ikaacha kumuuma, na hilo ndilo lililomtia hofu kidogo.

Kahawa ikaanza kupukutisha majani. Kila Jumatatu jioni alishuka na jembe, kwa kuwa ilikuwa zamu yake, akatembea ndani ya mfereji mkavu. Tope lililoganda liliwaka samawati kila alipokanyaga. Penina, jikoni, aliufuata mwanga ule kwa macho ili ajue saa ya kuepua chungu.

"Ungesema tu babu aliichimba," alimwambia alipoingia.

"Niliapa, mama Elinami."

"Najua."

Akachota chumvi, akatia kwenye ndizi.