Sauti Iliyotoka Jikoni

Sephora alikuwa ameweka simu karibu na sufuria ili anase sauti ya mwiko. Alihitaji sauti ya bukari, yaani ugali, ikisongwa kwa ajili ya katuni fupi aliyokuwa akiichora kwenye kompyuta. Msongaji alikuwa mama yake mdogo, Adolphine, fundi cherehani wa mtaa wa Kampemba, ambaye Sephora alikaa kwake tangu wazazi wake mwenyewe walipohamia mji wa Kolwezi. Ilikuwa Jumapili, na Donat, mdogo wake wa kiume Adolphine, angefika kula baada ya misa kama kawaida yake. Sephora akauliza swali la utani tu: kwa nini sahani ya tonton, yaani mjomba, Donat hupakuliwa kwanza siku zote, na kwa nini tonge lake hushinda la kila mtu kwa ukubwa?

Adolphine aliendelea kusonga. Kisha, bila kugeuka, akaeleza jambo ambalo hakuwa amemwambia yeyote. Walipokimbia kutoka kwao Mitwaba wakati wa vita, yeye alikuwa msichana mkubwa na Donat alikuwa mtoto mdogo aliyechoka kutembea. Kwenye mto hakuweza kubeba vyote viwili, beseni la unga na mtoto. Akavusha unga kwanza, akimwambia Donat amngoje. Alipofika ng'ambo watu walipiga kelele kwamba askari wanakuja, na yeye akakimbia pamoja nao na beseni lake kichwani. Hakurudi. Bibi mmoja asiyemjua ndiye aliyemvusha Donat mgongoni, na kesho yake wakakutana kwenye kanisa la kijiji cha mbele. Kwa jamaa zao Adolphine alisema mtoto alimponyoka kwenye msongamano.

Wakati wote huo Sephora alikuwa akiutazama mstari wa sauti ukipanda na kushuka kwenye kioo cha simu. Angeweza kuizima. Hakuizima.

Katuni ya bukari ikaachwa. Kwa miezi kadhaa Sephora alichora mto, miguu ya watu, msichana mwenye beseni, mtoto aliyeketi juu ya jiwe. Hakuandika maneno yoyote. Aliiacha sauti ya mama yake mdogo isimulie, pamoja na mwiko ukigonga sufuria. Alijua kwamba ni kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Alijua pia kwamba anapaswa kuomba ruhusa, na kila siku aliahirisha, kwa kuwa aliogopa kukataliwa.

Shida nyingine ilikuwa mahali pa kuiweka. Katuni zake za awali alizipeleka kwa marafiki kwa WhatsApp, zikafika zimebanwa hadi rangi zikawa matope. Kwenye mtandao mmoja mkubwa wa video zilizama bila kutazamwa, na moja ikaondolewa kwa sababu ya muziki. Ndipo akamwendea Gauthier, kijana aliyekuwa na ofisi ndogo katikati ya mji na aliyetengeneza tovuti za maduka. Gauthier alimwambia kwamba mchoraji anahitaji nyumba yake mwenyewe, na akampa nafasi kwenye seva aliyokuwa akiikodi kwa ajili ya wateja wake. Alimwonyesha jinsi ya kupunguza uzito wa video bila kuharibu mistari, ili hata mwenye mega chache za intaneti aweze kuitazama.

Kabla ya kuipandisha mtandaoni, Gauthier aliitazama filamu yote, kisha akauliza.

"Sauti ni ya nani?"

"Ya mama mudogo."

"Anajua?"

"Anajua," Sephora akajibu.

Gauthier akauliza tena kama watu waruhusiwe kuipakua au waitazame pale pale tu. Sephora akasema waruhusiwe. Alitaka itembee.

Ikatembea. Mtu wa Kinshasa aliandika kwamba amelia, mwingine akaandika kutoka Ubelgiji. Sephora alikuwa akifungua tovuti yake hata akiwa darasani ili aone idadi ya watazamaji ikipanda, na moyo wake ulijaa. Furaha hiyo ndiyo iliyomtesa baadaye kuliko kitu kingine. Kisha watu wakaikata, wakabakiza kipande cha mtoni, wakakitupa kwenye makundi ya simu bila jina la mchoraji.

Mteja mmoja wa Adolphine, aliyekuwa amekaa akingojea gauni lake lipindwe, alikicheza kipande hicho kwa sauti kubwa. Cherehani ikasimama. Adolphine alisikiliza hadi mwisho. Akamwomba mteja arudi siku nyingine, akakunja kitambaa, akamwita Sephora kutoka chumbani.

"Ile sauti iko yangu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Donat ameona?"

"Sijue, mama."

Adolphine alikaa akiitazama mikono yake. "Miye nilikuambia weye, Sephora. Sikuambia bantu bote."

Sephora angependa apigwe, au afukuzwe hata kwa siku moja, kuliko kuona jinsi mama yake mdogo alivyoinuka akafunika cherehani kama mtu aliyefiwa.

Alikwenda kwa Gauthier siku hiyo hiyo na kumwambia kwamba alimdanganya. Gauthier aliiondoa filamu mbele yake, kazi ya muda mfupi tu, akamweleza kwamba yaliyo kwenye tovuti yao wanaweza kuyafuta, lakini yaliyomo kwenye simu za watu yamekwisha kutoka mikononi mwao. Sephora akawaandikia wenye makundi mmoja mmoja. Wengine waliondoa, wengine hawakujibu. Gauthier hakumlaumu. Alisema tu kwamba safari nyingine atampigia mwenye sauti yeye mwenyewe, na Sephora akatoka pale akiwa amejiinamia.

Jumapili Donat hakuja. Adolphine alipakua sahani yake, akaifunika, na jioni akakirudisha chakula sufuriani.

Kesho yake Sephora alimfuata Donat kwenye gereji alikofanya kazi. Alimkuta akinawa mafuta mikononi. Kabla hajafungua kinywa, Donat alimwambia kwamba ameiona, tena yote, si kipande. Sephora akaanza kuomba msamaha, akasema mama mudogo hali chakula, hashoni, anafikiri amempoteza ndugu yake kwa kuwa sasa Donat amejua.

"Kujua nini?" Donat akauliza. "Miye nilikuwa najua toka zamani. Nilikuwa kwenye jiwe, nilimuona anavuka, nilimuona anakimbia. Mutoto anasahau ile?"

Donat akafunga bomba la maji.

"Yaya Adolphine alifikiri sijue, na nilimuacha afikiri vile. Ananiwekea bukari kubwa, ninakula, anafurahi. Tuliishi muzuri namna ile. Sasa tutaangaliana namna gani?"

Sephora alielewa hapo alichokuwa amekivunja. Aliomba msamaha tena, na Donat akamjibu kwa upole kwamba yeye amechorwa vizuri, asimwombe yeye. Maneno hayo yalimuuma zaidi ya hasira. Mwishowe akauliza kama anaweza kumpelekea mama mudogo habari kwamba Donat alijua siku zote.

Donat alifikiri, akijifuta mikono kwa kitambaa.

"Hapana. Nitamuambia miye."

Kwa hiyo Sephora alirudi nyumbani akiwa na maneno ambayo yangemwondolea Adolphine nusu ya mzigo, na hakuwa na haki ya kuyasema. Adolphine alimuuliza kama amemwona. Akasema ndiyo. Akamuuliza Donat amesema nini.

"Amesema atakuya yeye mwenyewe."

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Kila mara Adolphine aliposimama mlangoni kutazama barabara, Sephora aliingia chumbani ili asije akasema. Hakugusa kompyuta.

Donat alikuja alasiri moja akiwa bado na nguo za kazi. Dada na kaka waliketi uani, kila mmoja kwenye kiti chake. Sephora akachukua kikapu, akasema anakwenda sokoni, ingawa hakuna kilichohitajika. Alizunguka vibandani mpaka wauzaji walipoanza kufunga. Aliporudi macho ya Adolphine yalikuwa yamevimba, na Donat alikuwa ameshika mkono wake. Walichoambiana hakuwahi kukijua, wala hakuuliza.

Cherehani ilianza tena kulia wiki hiyo. Vipande vya filamu viliendelea kuonekana hapa na pale. Mteja mmoja alimuuliza Adolphine kama ile sauti si yake, naye akasema ni yake, akaendelea kumpima mabega. Kwa Sephora alikuwa mwema kama zamani, alimuuliza habari za masomo, alimwekea chakula. Lakini habari za Mitwaba hakumsimulia tena.

Jumapili wote watatu hutoka kanisani pamoja. Adolphine na Donat hutangulia, wakizungumza kwa sauti ya chini, mara nyingine wakicheka. Sephora huwafuata nyuma. Upepo ukianza kumletea maneno yao, hupunguza mwendo, akajifanya anafunga kamba ya kiatu, hadi wawe mbali kiasi cha kutosikika.