Mjadala wa Makoti

Kila mwezi wa nne, theluji ikianza kuyeyuka na mashamba ya viazisukari yakigeuka matope, chuo chetu kidogo cha Minnesota kilikuwa na mjadala wa makoti. Walimu wawili wasiopatana kisiasa walibadilishana makoti mbele ya wanafunzi, kisha kila mmoja akautetea upande wa mwenzake. Sharti lilikuwa moja tu: mwenye koti aridhike kwamba ametendewa haki.

Mimi ni wa mrengo wa kushoto tangu tumboni mwa mama. Mwenzangu alikuwa Orville Tveit, mwalimu wa historia, mtoto wa mkulima, mpiga kura wa chama cha kihafidhina cha Republican asiyeona haya kusema. Ofisi zetu zilitazamana, na uchokozi ulianza na kahawa ya asubuhi. Wanafunzi walitujua kama wanavyowajua paka na mbwa wa nyumbani kwao. Kwa hiyo Orville akisimama na sweta langu jekundu kutetea vyama vya wafanyakazi, ukumbi ulipasuka kwa kicheko, halafu ukanyamaza, maana jamaa alivitetea vizuri kuliko mimi. Siku zile nilirudi nyumbani nimekasirika na nina furaha. Nazikumbuka mpaka moyo unauma.

Orville alistaafu. Nafasi yake tulimpa kijana mzuri tu, anayefikiri kama mimi. Aliyefuata, vivyo hivyo. Hakuna aliyekula njama. Kila kikao tulimchagua anayetufaa, na anayetufaa daima alifanana nasi. Mjadala ukafa kwa kukosa wa kubadilishana koti.

Mwaka huu Orville aliuza nyumba ili akaishi kwa binti yake Arizona. Nikamwomba tufanye mjadala wa mwisho. Nilitaka aondoke akijua kwamba hapa bado ana nafasi. Hilo tu, na nililitaka sana.

"Utaniaibisha, Delphine," alisema. "Zamani ulikuwa hujui habari za kodi, na hata leo hujui."

"Lete koti, mzee. Maneno baadaye."

Ukumbi wa chakula ulijaa wanafunzi wasiowahi kuuona mjadala huu. Nilivaa koti lake la sufu, nikasema yote niliyoyasikia kwake miaka na miaka: kwamba serikali iliyo mbali hailijui ghala lako, kwamba kanisa na majirani walimlisha mama yake kabla ofisi yoyote haijamjua jina. Nilisema kwa moyo wote. Wakacheka. Nilingoja wanyamaze kama zamani, lakini hawakunyamaza. Kijana mmoja wa mbele alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

Orville akasimama na sweta langu, akazungumza taratibu juu ya wavunaji wa viazisukari na mikono yao iliyopasuka. Walimpigia makofi mpaka vikombe vikatikisika.

Baadaye yule kijana, Kieran, alitufuata mezani na sahani ya keki.

"Profesa, umenivunja mbavu," aliniambia. "Umewaigiza wale wahafidhina vilevile walivyo." Akamgeukia Orville. "Na wewe mzee, ilikuwaje wakakuacha ustaafu? Tunawahitaji watu wetu kama wewe."

"Mwenye lile ghala ni mimi," Orville alisema. "Huyu bibi alikuwa anasema yangu."

Kieran alicheka, akamtazama, akacheka tena kidogo, akaacha. "Kweli? Mbona unaonekana mtu mwema?"

"Mke wangu naye ilimchukua muda kuamini."

Kijana alituachia keki, akaenda zake akigeuka nyuma kututazama.

Nilikuwa nimefadhaika. Nilimuuliza Orville kama nimemtendea haki, maana sharti ni sharti.

"Umenitendea. Sina la kuongeza." Aliitafuna keki polepole. "Zamani walikuwa wananizomea, unakumbuka? Mwaka ule wa ushuru wa maziwa nilishindwa hata kumaliza."

"Nakumbuka. Nilizomea na mimi."

"Nilikuwa napenda sana kule kuzomewa," alisema. "Nikifika nyumbani namwambia mke wangu, leo wamenisikia."