Kijiti Kando ya Kiota

Kijijini kwetu, pwani ya Alaska, kila mwaka huchaguliwa picha moja ya ndege iwekwe kwenye kalenda ya ukumbi, mwezi wa Juni. Miaka mitatu mfululizo ilichaguliwa ya wifi yangu Orpha. Mimi niliyemfundisha kushika kamera nikawa napiga makofi mpaka viganja vikaota sugu.

Mwaka ule nikampata kitwitwi dume amelalia mayai manne, kavaa mavazi yake ya harusi: kifua cheusi ti, mgongo umenyunyiziwa dhahabu. Lakini ukungu ulishuka, kamera haioni kitu. Na kiota cha kitwitwi ni kishimo tu kwenye majani mafupi. Ukigeuza shingo umekipoteza.

Kwetu mtu haweki alama penye kiota. Unahesabu hatua kutoka kwenye jiwe, unakariri. Wageni wenye kamera ndefu kama bomba la jiko nimewakemea mimi mwenyewe kwa hilo. Ila magoti yaliniuma, na hesabu niliiacha darasa la nne. Nikachomeka kijiti, hatua mbili kutoka kiotani.

Asubuhi ukungu ukaondoka. Kijiti nilikiona toka mbali, na juu yake kunguru ametulia. Pwani yetu haina mti hata mmoja. Nilikuwa nimempelekea kiti. Mayai yalibaki maganda.

Dume akatoka mbio mbele yangu akiburuta bawa, akijifanya limevunjika, anivute mbali na mayai ambayo hayapo tena. Mwanga ulikuwa mzuri. Nikapiga picha. Sikatai, nilipiga kumi na tisa.

Orpha akaja kunywa chai, akaitazama moja kwa muda mrefu.

"Leo umeniweza, wifi. Ile miaka mitatu nilikuwa nakutunzia nafasi tu. Vifaranga wametoka?"

"Wanne," nikasema.

"Maliza chai basi, ukanionyeshe."

"Magoti, wifi."

"Magoti yako huuma wakati wa kuosha vyombo tu. Twende."

Alikuwa ameshavaa buti moja.

"Kaa, wifi. Hakuna vifaranga. Niliweka kijiti, kunguru akakikalia."

Hakunicheka. Ningempa hata kamera anicheke. Alivua buti taratibu, akachovya samaki mkavu kwenye mafuta ya sili, akatafuna.

"Uliwagombeza wageni wa watu kwa vijiti."

"Najua."

"Yule mmoja ulimfukuza na ufagio."

"Najua, wifi."

Nikazifuta picha zote mbele yake. Kwenye kalenda ikawekwa picha ya Orpha tena, aliyoipiga harakaharaka kutoka garini: ndege ameshageuka anajiendea, unaona matako tu. Imetundikwa jikoni kwangu. Juni nzima nikichemsha chai ndege yule ananipa mgongo.