Tarumbeta Linalokosea

Fundi aliletwa kwetu Jumatatu asubuhi kwa gari la hospitali, amevaa shati la mgonjwa na kandambili zisizolingana. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mrefu, masharubu yamekatwa kwa uangalifu, na aibu imemjaa mpaka masikioni. Mimi ni mshauri katika nyumba hii ya kuwahifadhi watu waliouzwa na kutumikishwa. Wageni wetu huniita Shangazi, hata wale walionizidi umri. Nilimpa chai, nikamwonyesha chumba, nikamkabidhi ufunguo.

"Huu ni wa kufungia kutoka ndani?" akauliza.

"Kutoka ndani, Fundi. Ni wako."

Akafunga mlango. Akafungua. Akafunga tena. Nilisikia kitasa kikilia mara sita, ndipo nikaenda zangu.

Kazi yake ilikuwa kushona nguo tangu ujana wake. Mtu mwenye suti nzuri alimwahidi ajira katika kiwanda cha sare, akamwonyesha mkataba wenye muhuri, akamlipia nauli. Walipofika aliingizwa katika nyumba yenye cherehani kumi na madirisha yaliyopakwa rangi, wakamnyang'anya vitambulisho na kumfungia. Miezi kumi na minne yeye na wenzake tisa walishona kuanzia alfajiri. Alipougua mapafu, wenye nyumba wakaona atawafia mikononi. Wakamsukumia kwenye gari lenye vioo vyeusi, wakamwacha nje ya lango la hospitali. Wale tisa wakabaki. Nyumba iko mtaa gani, hakujua. Aliingia amelala na kutoka anaweweseka kwa homa.

Mpelelezi aliyepewa kesi hiyo alikuwa mwanamke mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa maneno. Sisi sote tulimwita Afande. Siku ya kwanza alikuja na sare, kompyuta na haraka zake, akaketi, akauliza: "Kwa nini hukukimbia?"

Fundi akainama. Hakusema neno tena siku hiyo, wala wiki nzima iliyofuata.

Nilimvuta Afande mpaka ukumbini. "Umemuuliza mtu mzima kwa nini alikubali kufungiwa. Ungeulizwa wewe?"

Akavua kofia ya sare. "Nimekosea, Shangazi. Nifanyeje?"

"Uje bila kompyuta. Na ujue kunyamaza."

Alirudi siku nane baadaye, amevaa blauzi ya nyumbani, akaketi mwisho wa benchi uani. "Fundi, nilikuuliza swali la kijinga," akasema. "Nisamehe." Kisha akanyamaza kweli. Najua ilimtesa, maana mguu ulikuwa ukimchezacheza kama anakanyaga breki.

Robo saa ikapita. Fundi akamtupia jicho, akatazama pembeni, akamtupia tena. Mwishowe hakuweza kujizuia.

"Samahani, Afande. Huo mkono wa blauzi, nani alikushonea?"

"Fundi mmoja karibu na kazini."

"Huyo si fundi, huyo ni adui yako. Mkono wa kulia kauweka kushoto."

Afande akaangalia mkono wake, akaangalia wa pili, akaangua kicheko. Mimi ndiyo kabisa, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Fundi mwenyewe akatabasamu, masharubu yakapanda. Akaomba sindano, uzi na blauzi yenyewe; Afande akaenda kujifunga kanga yangu, akamletea. Na wakati anafumua ile mishono, mikono ikiwa na kazi yake na macho yakiwa chini, akaanza kusimulia.

Alisimulia siku nne, saa moja moja. Akichoka, nilisema basi, na Afande alifunga daftari bila kunung'unika. Siku ya nne nikamuuliza: "Fundi, macho hayakuweza kuona nje. Masikio je?"

Akaacha sindano. "Kulikuwa na bendi. Kila Jumanne na Ijumaa alasiri. Wimbo ule ule. Na kuna mtu wa tarumbeta, Mungu amsaidie, kila wakifika mahali fulani anakosea. Sisi tulikuwa tunamngoja. Akikosea, kumi wote tunacheka kimya kimya. Ndiyo ilikuwa sikukuu yetu."

Akauimba kwa kuvumisha midomo, na pale pa kosa akatoa sauti kama mbuzi aliyekanyagwa. Afande aliirekodi kwenye simu, akajaribu kuirudia mwenyewe. Fundi akaziba masikio.

"Afande, tafadhali. Ichezeshe simu. Usiimbe."

Mji wetu ulikuwa na bendi sita, na Afande akazizungukia moja moja. Kwenye bendi ya nne, mwalimu wa muziki alisikiliza ile rekodi, akashika kichwa.

"Huyo ni karani wetu wa ofisi ya maji! Mwaka wa tatu huu anakosea hapo hapo. Lakini Ijumaa hii namnyoosha, utaona."

"Usithubutu!" Afande akaruka. Pengine hakuna mwalimu wa muziki aliyewahi kupewa ombi kama lile: aache kosa kama lilivyo, wala asimwambie mtu yeyote. Mzee wa watu alikubali, lakini kwa uchungu.

Ukumbi wa bendi sasa tuliujua. Tatizo ni kwamba ulizungukwa na mitaa kadhaa yenye nyumba zinazofanana, kuta ndefu, mageti ya chuma. Kugonga mlango mmoja mmoja kungewashtua wale watu, wangewahamisha wenzake Fundi kabla hatujafika. Afande alinieleza haya jikoni kwa sauti ya chini. Hakutaka kumwomba Fundi aingie ndani ya gari. Tulijua magari yanamtia baridi.

Hakujua Fundi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini nikae mbele, kioo kishushwe, na Shangazi awe nyuma yangu. Nikisema simama, tusimame."

"Ukisema turudi, tunarudi," nikasema. "Hakuna atakayekulaumu."

"Najua, Shangazi. Ndiyo maana naweza kwenda."

Ijumaa alasiri tukaondoka kwa gari letu dogo la kubebea mboga, Afande akiwa dereva na ile blauzi yake, mikono sasa imekaa inapostahili. Askari wenzake walikuwa tayari, hati ya upekuzi inasubiri kujazwa namba ya nyumba tu, na hakimu alikuwa ofisini kwake anangoja simu. Fundi alishikilia kingo za kiti. Bendi ikaanza.

"Hapa ni kubwa mno," akasema. "Songa." Tukasonga. "Hapa ni ndogo. Na jua la asubuhi lilikuwa likipasha ukuta wa upande ule ule inakotokea bendi. Bendi inatakiwa iwe mashariki yetu." Tukazunguka. Mtaa wa tatu, akainua kidole. "Simama."

Afande akazima injini. Wimbo ulikuwa unapanda, unapanda, na hapo karani wa ofisi ya maji akatoa ile sauti ya mbuzi. Fundi akacheka kwa pumzi, machozi yanamtiririka. Kisha akageuza kichwa ghafla kuelekea geti la kijani.

"Mnasikia? Tiki-tiki-krr. Tiki-tiki-krr."

Mimi nilisikia cherehani tu, kwa mbali.

"Cherehani namba nne. Mkanda wake unateleza. Niliwaambia miezi mitatu waubadilishe." Akashika mkono wa Afande. "Ni hapa. Wamo ndani. Wanashona."

Afande hakupiga kelele wala kuruka. Alisema, "Asante, Fundi. Sasa niachie mimi," akapiga simu mbili. Askari mmoja asiye na sare akatupeleka mimi na Fundi mpaka ukumbi wa bendi, maana Fundi alikataa katakata kwenda mbali zaidi ya hapo. Tukakaa kwenye viti vya nyuma. Mwalimu wa muziki alitutazama, akaelewa nusu, na kwa kukosa la kufanya akaendelea kupigisha bendi yake. Walipiga ule wimbo mara tisa. Mwisho hata mimi nilikuwa namngojea karani.

Simu yangu ikalia saa kumi na moja kasoro.

"Wote tisa," Afande akasema. "Wazima. Na wenye nyumba tumewakuta mezani wanakula. Mwambie Fundi. Wote tisa!"

Nilimwambia. Alisimama, akatembea mpaka mbele, akamkumbatia karani wa ofisi ya maji pamoja na tarumbeta lake. Maskini karani hakujua lolote. "Bwana, una nini?" akauliza. Fundi akazidi kumkumbatia. Ilibidi mimi niwaeleze, na nilipomaliza wapiga ngoma walikuwa wanafuta macho kwa mikono ya mashati.

Jioni ile nyumba yetu ilifurika. Wanaume tisa waliingia wakipepesa macho, na Fundi akiwa mlangoni anawapokea mmoja mmoja, anawashika mabega, anawaonyesha bafu lilipo na kuwagawia funguo kama mwenye hoteli. Maji ya moto yaliisha kwa mtu wa nne. Wakagombana nani aoge kwanza, ugomvi mtamu wa watu waliokaa muda mrefu bila cha kuchagua.

Afande alitokea na boksi la mikate. Aliniangalia, nikatikisa kichwa: maelezo kesho, au keshokutwa. Akakunja mikono ya blauzi, akaanza kuosha vyombo. Mmoja wa wale wageni, kijana mwembamba mwenye chale kidevuni, akamnong'oneza Fundi, "Huyu mama ni mpishi?"

"Huyu ni mpelelezi."

"Mbona hajatuuliza kitu?"

"Anakungoja wewe," Fundi akasema, akamsogezea mkate.

Yule kijana akaumaliza mkate, akachukua kitambaa, akaenda kusimama kando ya sinki kufuta sahani. Kufika sahani ya tano au ya sita alikuwa ameshaanza kumweleza Afande habari za mama yake.