Sahani ya Digrii

"Simama," nilisema, na injini ikasimama.

"Saba," mke wangu akajibu kutoka chini.

Nilimsikia tu, sikumwona. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya injini, macho kwenye saa ndogo ya kupimia iliyogusa valvu. Yeye alikuwa ameketi juu ya gunia pale tulipotoa tairi la mbele, spana ndefu mkononi, akizungusha krenki, mhimili mkuu wa injini, na kunisomea sahani ya digrii, duara lenye nambari za pembe nililolifunga kwenye ncha ya krenki. Kati yetu palikuwa na boneti, madigadi na mwaka mzima wa kutozungumza.

Saba haikuwezekana. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amesoma mbili, na mimi sikuwa nimegusa kitu.

Gari lilikuwa lake. Alikuwa mshonaji, na alipenda mwendo kuliko wateja wangu wote. Kemshafti mbili mpya, mihimili inayofungua na kufunga valvu, alizinunua mwenyewe. Hazikuwa za kiwanda cha gari lile, na zilifungua valvu zaidi ili injini ivute pumzi ndefu. Vingine vyote vilibaki kama gari lilivyozaliwa, pistoni zilezile, valvu zilezile. Hapo ndipo penye hatari. Kemshafti ngeni haifungwi kwa kufuata alama za zamani na kumwachia Mungu. Ukikosea, pistoni inapanda valvu ikiwa bado iko chini, zinagongana, na injini imekwisha. Kwa hiyo unapima. Ya kutoa moshi tulikwisha kuimaliza. Hii ya kuingiza hewa, valvu ikishafunguka milimita moja, sahani ilitakiwa isome digrii nne. Na kwangu mimi nambari haikubaliki mpaka ijirudie mara tatu mfululizo.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba gari likitengemaa ataondoka. Alikuwa amepata chumba cha kushonea katika mji mwingine, karibu na dada yake. Hatukugombana, laiti tungegombana. Tulizoeana mpaka tukaacha kuulizana, yeye na cherehani yake mbele ya nyumba, mimi na vyuma vyangu nyuma. Siku aliyoniambia anataka kwenda nilisema "sawa", nikaendelea kunawa mikono. Nilitaka abaki. Sikujua maneno hayo yanaanzia wapi.

"Turudie," nilisema. "Na ukipitiliza usirudishe nyuma, cheni ya kemshafti italegea. Zungusha raundi mbili nzima, uje tena."

"Najua, Fundi. Si umenifundisha wewe?"

Tulikuwa tunaitana Fundi, sote wawili, tangu uchumba. Utani huo ulibaki hata mengine yalipokwisha.

Jirani yetu mchomeleaji akachungulia getini. "Bado tu? Hilo gari mnalitengeneza au mnaliombea dua?"

"Tunaliombea," mke wangu akamjibu. "Sema amina, uende zako."

Tukacheka wote watatu. Sikukumbuka mara ya mwisho kicheko cha mke wangu kilipofika upande wangu wa nyumba.

"Simama."

"Sita."

Nikakagua kikaza cheni, kilikuwa kizima. Nikajaribu boliti za gia ya kemshafti, zilikuwa zimekaza. Kazi inayonigomea bila sababu hunitia wazimu, lakini siku ile niliudhika kama fundi tu. Kama mume sikuwa na haraka hata kidogo.

Akaenda kunywa maji, injini akaiacha palepale. Nikazunguka gari kutafuta kitambaa, nikachuchumaa mahali pake, nikatazama. Waya niliokuwa nimeukunja uwe mshale ulikuwa juu ya nne. Si sita, wala karibu na sita.

Mtu aliyesoma futi ya kitambaa maisha yake yote, pini mdomoni, taa hafifu, hakosei nne. Nilibaki nimechuchumaa. Kisha nikasikia kandambili zake uani, nikarudi upande wangu mbiombio kama mwizi.

Siku hizi napima peke yangu. Natega kioo pale penye nafasi ya tairi, nazungusha kwa mkono mmoja na kusoma kwenye kioo, na wateja husifu akili hiyo. Kioo hakinidanganyi hata mara moja. Nimekichoka.

"Tuzungushe tena," nilimwambia siku ile alipokaa tena.

Akaishika spana. "Sawa."

Tukazungusha alasiri yote. Tano. Mbili. Saba. Kati ya nambari na nambari akaanza kuzungumza: habari za mteja aliyenenepa akalilaumu gauni, habari za dada yake. Akaniuliza kama goti langu bado linauma. Nikamuuliza kama mji ule una baridi.

"Asubuhi tu," akasema.

Hata saa ya kupimia nikaacha kuitazama. Nikawa nasema simama kila nilipotaka kusikia sauti yake. Safari moja nilisema simama pistoni ikiwa chini kabisa, mahali ambapo sahani haiwezi kusoma chochote cha maana, na hapo bila shaka alijua kwamba nimejua. Spana ikatulia.

"Tano," akasema taratibu. Kisha, "Fundi."

"Naam."

"Kuna kitu unataka kuniambia?"

Kilikuwepo. Nikaishika boneti kwa mikono yote miwili, nikafungua mdomo.

"Angalia spana isije ikateleza," nilisema.

Kisha krenki ikazunguka, polepole, kwa mkono uliotulia, na sindano ya saa ilipofika milimita moja nikasema simama kwa sababu sikuwa na neno jingine.

"Nne," akasema.

Akazungusha.

"Nne."

Akazungusha tena. Safari hii sikusema simama, alisimama mwenyewe.

"Nne. Imekaa, Fundi. Funga."

Nikafunga. Injini iliwaka kwa jaribio la kwanza.

Aliondoka asubuhi iliyofuata, cherehani ikiwa kwenye kiti cha nyuma. Nilisimama barabarani nikimsikiliza akipanda kilima, nikitega sikio la kifundi, nikitafuta kosa lolote ambalo lingemrudisha. Akabadilisha gia, injini ikavuta vizuri, na kosa sikulisikia.