Kipande Kinachobaki

Nakutegea, wala usikimbilie kunipa mji. Ninao watoto kumi na watatu. Nikiwapanga wawili wawili, safu hazijai. Watatu watatu, wanne wanne, hadi sita sita, ni yale yale. Wanakubali mstari mmoja tu. Ni akina nani?

Ni vipande vya sabuni. Mimi hupika sabuni na kuikata nyumbani, na boksi silifungi mpaka safu zote zijae. Kundi likigoma hivyo, naondoa kimoja nikaogee, mambo yanaisha.

"Hizo ni namba tasa, bibi," mjukuu wangu aliniambia tukiwa mezani. "Hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Ndizo zilizonitoa chuoni."

Huyu tunamwita Mahesabu tangu utotoni. Alikuwa akichunguza kama tasa pacha, zile zinazopishana kwa mbili kama kumi na moja na kumi na tatu, zina mwisho. Akadhani amelimaliza swali hilo, mwalimu wake akaona ufa katika hoja yake. Akafunga mizigo, akaja kwangu kukata sabuni. Mwalimu akapiga simu: nafasi yake itamngoja hadi Jumatatu.

"Unarudi, mke mwenzangu?" nilimuuliza kwa utani.

Akaendelea kukata.

Sikumsukuma. Nikauliza la kwangu. "Na hizi tasa, zinaisha?"

"Tuseme zote duniani ni mbili, tatu na tano. Zizidishe."

"Thelathini."

"Ongeza kipande kimoja, kisha upange."

Nikapanga viwili viwili, kimoja kikabaki. Vitatu vitatu, kimoja. Vitano vitano, kimoja tena, kimekaa pembeni kama mgeni asiyekaribishwa.

"Na kila namba inayozidi moja lazima igawanyike kwa tasa fulani. Basi ipo tasa nyingine nje ya zile tatu," akasema. "Hata ukusanye milioni, ukazizidisha na kuongeza kimoja, kitabaki."

Malaika ya mkono yakanisimama. Tangu ujana wangu kitu kisicho na mwisho kimelala mezani kwangu, nami nakiogea.

"Na pacha?"

"Hakuna ajuaye." Alikuwa ameshaweka kisu chini. "Tunazichekecha kama unga, bibi. Tunapata tasa pamoja na jirani yake wa mbele, anayeizidi kwa mbili. Lakini jirani huyo ama ni tasa, ama ni tasa mbili zilizozidishwa, na chekeche haliwatofautishi. Mimi nilidhani langu limeweza."

"Si ubadilishe chekeche?"

"Utafikiri yanauzwa dukani."

Tukacheka. Kisha akaanza kuchora kwa kidole kwenye chengachenga za sabuni.

"Sikiliza. Kadiri unavyokwenda mbali, tasa zinazidi kuwa adimu. Kuna mahali utapita namba milioni mfululizo usikute hata moja. Na bado, uende mbali kiasi gani, mbele yako zipo mbili zisizopishana kwa zaidi ya mia mbili arobaini na sita. Hilo limethibitishwa juzi juzi tu, mimi nikiwa shule."

Nikatazama dirishani, kana kwamba ningeziona huko pasipofika mtu, mbili mbili, zimekaa karibu karibu.

"Nini kinazikutanisha?" nikauliza, sauti yenyewe chini.

"Sijui, bibi. Ndicho ninachotaka kujua."

Akasita, kama aliyesikia mtu mwingine akisema. Akakiokota kile kipande kilichobaki, akakigeuza mkononi.

"Lile swali lako la kwanza," akasema. "Narudi."