Uso au Kisogo

Nilikuwa nikipiga picha za bwawa kwa droni, mstari wa kumi na tatu kati ya ishirini, skrini ilipozimika. Simu niliyoibana juu ya rimoti ilizidiwa na jua la saa saba mchana, ikaandika kwamba inahitaji kupoa, kisha ikawa nyeusi. Droni ilikuwa juu ya bwawa, mita mia nne hivi kutoka kwenye tuta nililosimama. Kwa macho ilikuwa punje ya pilipili manga.

Niliachia vijiti vyote viwili vya rimoti. Ukiviachia, inasimama palepale hewani. Nilikisia betri ina dakika sita. Kitufe cha kuirudisha yenyewe nilishakifunga tangu siku ilipotaka kupita katikati ya nyaya za umeme.

Shida ya punje ni kwamba haina mbele wala nyuma. Kama pua imeelekea kule, nikisukuma kijiti kulia inakwenda kulia kwangu. Kama inanitazama, kulia kwake ni kushoto kwangu, na nikiivuta irudi ndiyo inazidi kwenda. Chini yake maji yana kina cha nyumba ya ghorofa tatu.

Zamani kazi ya kuitazama ilikuwa ya mke wangu. Tuliiunga pamoja kwenye meza ya chakula, mimi nikilehemu, yeye akifunga waya na kusoma maelekezo. Miguu miwili ya nyuma aliipaka rangi yake ya kucha, nyekundu. Kazini alisimama kushoto kwangu na darubini, akitamka neno moja tu: "Uso." Au, "Kisogo." Nikichelewa, aliongeza, "Kisogo, baba, imekununia." Alifariki mwaka jana. Tangu hapo narusha kwa skrini, na skrini haina utani.

Mlinzi wa bwawa alikuwa amekaa kwenye kivuli cha kibanda cha mitambo.

"Fundi, mbona umeganda kama mlingoti?"

"Simu imezima. Njoo unisaidie macho, ndugu yangu."

Alipofika nikamvulia darubini shingoni mwangu. Nimeendelea kuivaa, ingawa mikono yangu yote miwili huwa kwenye vijiti. "Tafuta kama unaona nyekundu."

Alitazama maji, akatazama mawingu. "Haa! Nimeipata. Nyekundu hiyo hapo."

"Una hakika?"

"Mimi kwa macho sina mpinzani. Inang'aa kama jicho la mlevi."

Nyekundu ni kisogo. Nikavuta kijiti kuelekea kwangu, nikaendelea kuvuta. Ilikuwa raha kuambiwa na mtu.

"Lakini fundi," mlinzi akasema, "mbona inapungua?"

Nikaachia. Pilipili manga ilikuwa imekuwa ulezi. Ndipo nikakumbuka taa mbili ndogo nyekundu za puani. Mke wangu sikuwahi kumwambia azipuuze, alizifunga mwenyewe. Mlinzi alikuwa amejibu nilichomuuliza.

Nikafanya nilivyojifundisha mwanzoni, kabla sijawa na msaidizi. Nilisukuma kijiti kulia kidogo, nikilinganisha punje na mnara wa ng'ambo. Ikahamia kushoto. Basi inanitazama. Nikaligeuzia bwawa mgongo, ili kulia kwangu na kulia kwake kuwe kumoja, nikatazama juu ya bega na kusukuma mbele.

"Sasa unaenda wapi?"

"Siendi popote. Niambie inakua au inapungua."

"Inakua. Inakua. Mama yangu, fundi, inakua!"

Rimoti ilikuwa inalia kwamba betri inaisha droni ilipogusa nyasi. Mlinzi alichuchumaa, akaigusa miguu kwa kidole.

"Huku nyuma kuna madoa ya nini?"

"Rangi ya kucha. Ya mke wangu."

"Mwambie apake tena. Imebanduka."

"Nitapaka mimi," nikasema.

Jioni nikaitoa chupa ya rangi kwenye droo ya upande wake wa kitanda. Kifuniko kilikuwa kimegandia. Nilikizungusha kwa mkono, kisha kwa kitambaa, nikaacha kabla kioo hakijavunjika. Nikaisimamisha ndani ya kikombe cha maji ya moto, mezani, karibu na droni.

Imebaki mistari minane. Mlinzi ana zamu asubuhi. Nitampa darubini mapema na kumfundisha maneno mawili. Nilibadilisha maji ya kikombe mara mbili, yakapoa. Kifuniko hakijafunguka. Nimeiacha chupa humo humo hadi kesho.